Kuti la Viungo na Hesabu ya Paa

Watu wengi wa mwambao wanaotaka kuezeka nyumba kwa makuti huanza kwa kuuliza bei ya mia moja, na muuzaji, naye akiwa mtu wa biashara, huwajibu lile walilouliza. Ilhali swali lililostahili kutangulia ni kuti hilo litalazwa juu ya mwinamo gani, na kwa nafasi gani kati ya safu na safu. Rai yangu ni kwamba kuti halina ubora wa peke yake, hata likiwa limeshonwa na mikono hodari namna gani. Ubora wake hukamilika juu ya fito, na kuti jema lililolazwa vibaya huvuja upesi kuliko kuti la wastani lililolazwa na mwezekaji ajuaye hesabu yake.

Yafaa kwanza kutenga aina. Kuti la kumba, ambalo majani yake husukwa yakiwa bado yameshikamana na upongoo, ni la ua, la kiambaza cha muda na la banda la siku chache. Sura yake ni ya kupendeza, lakini msuko wake huyakawiza maji yasiteremke, nayo yakikawia hupenya. Nyumba ya kuishi yataka kuti la viungo. Hili hufanywa kwa majani yaliyochanwa kutoka upongoo, yakakunjwa moja moja juu ya kijiti, aghalabu kipande kilichopasuliwa katika upongoo huohuo, kila jani likimpanda mwenziwe, kisha yakashonwa kwa ukambaa karibu na lile kunjo. Katika vijiji vya Kilifi kazi hii ni ya wanawake kwa sehemu kubwa, nao hurushia maji majani makavu kabla ya kuyakunja, kwani jani kavu likikunjwa kwa nguvu hupasuka penye kunjo, na ufa huo, ambao mnunuzi hauoni kwa kuwa umefichwa chini ya mshono, ndio utakaolidondosha jani zima pindi upepo wa kusi utakapoanza kulitikisa.

Kwa hiyo anayechagua na achague kwa mikono zaidi ya macho. Alinyanyue kuti kwa ncha moja ya kijiti: kijiti kikijipinda sana, hakitalala sawa juu ya fito. Avute jani mojamoja hapa na pale, aone kama mshono unalishika. Alielekeze kuti kwenye jua, na lau mwanga utapita kwa mistari mirefu kati ya jani na jani, basi majani yamepangwa kwa ubahili, wala hapana safu zitakazoweza kuusitiri upungufu huo bila gharama. Alikung'ute, likitoa unga mwembamba, wadudu wamekwisha kuanza kula. Harufu ya ukungu ni sababu tosha ya kulikataa fungu zima, kwa maana makuti yaliyorundikwa yakiwa na unyevu huoza kutoka ndani, na yale ya juu ndiyo pekee yanayobaki na sura ya uzima.

Ama hesabu ya paa, hapo ndipo fedha za watu hupotea. Tuseme kuti lina urefu wa kuning'inia wa dhiraa moja, yaani kadiri ya sentimita 45, na mwezekaji analaza safu moja kila baada ya sentimita 9, ambazo ni upana wa vidole vinne vinono. Popote utakapochoma sindano katika paa hilo, isipokuwa karibu na upenu na kilele, itapita katika makuti matano. Na kwa kuwa kila jani limekunjwa mara mbili, itapita katika tabaka 10. Sasa mwenye nyumba, kwa kutaka rahisi, amwambie fundi aachanishe safu kwa sentimita 15: makuti yatakuwa matatu, tabaka sita. Kwa nyumba ya vipaa viwili, kila kimoja kikiwa na mita 4 na nusu kutoka kilele hadi upenuni na mita 9 kwa urefu wa ukuta, na kuti likiwa na upana wa sentimita 90, safu 50 za makuti 10 kwa kila kipaa hufanya makuti 1,000, na safu 30 hufanya 600, tukiacha kando yale yanayopishana ubavuni. Mwenye nyumba ameokoa makuti 400 na kuyafurahia. Walakini jua hula tabaka ya juu kwanza, kisha mvua huioza. Paa la tabaka 10 likipoteza mbili halijui, na la tabaka sita likipoteza mbili limefika ukingoni mwa kuvuja.

Fauka ya hayo liko jambo ambalo wajenzi wa sasa, waliozoea bati, hulisahau, nalo ndilo linaloifanya hesabu ya nafasi na hesabu ya mwinamo kuwa moja. Kuti halilali sambamba na kombamoyo. Kila safu huegemea unene wa safu zilizo chini yake, hivyo ncha ya kuti huinuliwa, na jani lenyewe hulala kwa mwinamo mdogo kuliko ule wa paa. Kadiri safu zinavyosongamana, ndivyo jani linavyozidi kulala chali. Paa la nyuzi 45 lina akiba ya kutosha, hata jani likipunguziwa mwinamo bado tone la mvua hukimbilia ncha, likaangukia jani la chini yake, likaendelea hivyo mpaka mchirizini. Lakini paa lililopauliwa kwa kipimo cha bati, nyuzi 15 au 20, likifunikwa makuti mengi kwa nia njema ya kuzuia maji, majani yake hukaribia kulala kama mkeka, na mengine hata huelekeza maji ndani, yakafuata jani mpaka kwenye kijiti na kutoka kijitini yakaingia chumbani. Hapo kuongeza makuti ni kuongeza maradhi. Nimeona baadhi ya mahoteli ya ufukweni yakitandaza makuti juu ya bati ili wageni wafurahie. Hilo ni pambo, na lisihesabiwe kuwa ni uezekaji.

Tukililinganisha kuti na vifaa vingine vya kuezekea, kigae cha udongo cha namna ya Mangalore, ambacho wamisheni wa Basel walianza kukichoma kiwandani mwaka 1865 na ambacho kilivuka bahari hadi miji yetu, kina mifereji inayoshikamana, kwa hiyo hutosheka na mpishano mdogo na mwinamo wa chini kuliko kuti. Ila uzito wake hutaka miti minene. Bati huvumilia mwinamo mdogo kuliko vyote, na joto lake la adhuhuri kila aliyelala chini yake analijua. Kuti lina aibu yake kubwa, nayo ni moto: cheche moja katika mtaa uliosongamana ni hasara ya nyumba nyingi, na mwenye kujenga mahali kama hapo sioni insafu kumshauri makuti.

Wakati wa kuezeka ni kaskazi inapoelekea mwisho, kabla ya masika ya Machi. Kilele ndicho kigumu kuliko vyote, maana hapo vipaa hukutana na hapana safu ya juu ya kuisitiri ya chini. Sharti makuti yakunjwe kukivuka pande zote mbili, manene, na kufungwa imara. Baada ya miaka kadhaa upande unaopigwa na kusi utatangulia kuchakaa, na fundi ataweza kuchomelea makuti mapya palipo na matundu pasipo kuigusa sehemu nyingine ya paa. Fito zikianza kuonekana kwa chini mahali pengi, kuchomelea hakufai tena: makuti yote yashushwe. Makombamoyo ya mkoko yaliyo mazima huezekwa juu yake mara ya pili, ila kamba za makumbi zilizoyafunga zikaguliwe fundo kwa fundo, kwani hizo huoza kabla ya mti.