Nani Anaijua Programu?

Nimeisoma mara mbili insha ya Peter Naur, yule Mdenmark, iitwayo Programming as Theory Building, ya mwaka 1985. Mara ya kwanza niliona ni mambo ya wataalamu wa kompyuta, nikaiweka pembeni. Mara ya pili niliisoma Mkonze, kwenye chumba alichopanga mdogo wangu, na safari hii ilinigusa.

Hoja ya Naur ni hii: programu si yale maandishi yaliyomo kwenye kompyuta. Programu ni uelewa ulio vichwani mwa walioitunga, yaani kwa nini jambo fulani limekaa hapa, linahusianaje na maisha ya watu huko nje, na mambo yakibadilika uguse wapi. Anatoa mfano wa kundi lililopewa programu ya wenzao ili waiongezee uwezo. Walikuwa na msimbo wote, maelezo yote, hata ruhusa ya kuwauliza wenyewe. Bado walileta viraka vilivyoharibu mpangilio mzima. Kwa Naur, waliotunga programu wakitawanyika, programu imekufa, hata kama bado inafanya kazi.

Sasa turudi Mkonze. Mdogo wangu amerithi programu ndogo ya kikundi cha mama cha kuweka na kukopa. Aliyeiandika alishahamia Dar. Gawio la mwisho wa mwaka likawa halilingani, basi dogo akaubandika msimbo wote kwenye akili mnemba. Ndani ya dakika moja hitilafu ilipatikana, na ilikuwa kweli hitilafu. Ila mashine ilifuta pia mstari mmoja ulioonekana wa ajabu, uliokuwa ukiruka faini za Desemba hadi Machi. Majaribio yote yakapita.

Mama akaitazama karatasi. “Mwanangu, mbona hawa wamekatwa faini? Si miezi ya kulima hiyo? Tulikubaliana wote.”

Makubaliano hayo hayakuandikwa popote. Yalikuwa vichwani mwa akina mama.

Hata mashine za wakubwa zinapimwa hivyo hivyo. Mwaka 2023 watafiti, wengi wao wa Princeton, walitoa SWE-bench, mtihani wa matatizo halisi 2,294 kutoka miradi 12 ya Python. Mashine inaandika marekebisho, kisha yanaendeshwa majaribio, yakipita, imefaulu. Mwanzoni mashine bora haikufikisha hata asilimia 2. Tangu hapo alama zimepanda sana, na sibezi hatua hiyo. Lakini jaribio linapima kile tu ambacho mtu alikumbuka kukiuliza.

Hata hivyo, Naur anazidisha chumvi. Anashauri kwamba programu iliyokufa ni afadhali itupwe, waandike upya. Kikundi cha mama hakina anasa hiyo. Halafu sisi wasomaji wa fasihi tunajua maandishi yanaweza kuishi bila mwandishi wake. Utendi wa Tambuka ni wa mwaka 1728, uliandikwa kwa hati za Kiarabu, na bado unasomwa. Haukuokolewa na karatasi peke yake. Uliokolewa na watu walionakili, wakauliza maana, wakabishana. Wasomaji hujenga upya uelewa ambao Naur aliuona umezikwa.

Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Vijana wanaosoma kompyuta hapa Dodoma walikuwa wanaupata uelewa huo kwa kuhangaika na msimbo wa wengine. Mashine ikihangaika kwa niaba yao, nani atajua cha kumuuliza mama?

Dogo aliurudisha ule mstari. Juu yake akaandika maelezo, kwa Kiswahili: “Miezi ya kulima hakuna faini. Usifute kabla ya kuwauliza akina mama.”