Kilengeo Kidogo au cha Kawaida: Hesabu Iliyofichika Chini ya Kioo

Weka Holosun 507C na 507K, vilengeo viwili vya nukta nyekundu vya bastola, kando kwa kando juu ya kaunta ya duka la silaha, na jicho litakimbilia kwenye dirisha la kioo. Kile cha kawaida, 507C, kina dirisha lenye upana wa milimita 23 na kimo cha 16 hivi. Kile kidogo, 507K, kina karibu 20 kwa 15. Mnunuzi anachungulia kimoja, anachungulia cha pili, anasema kile kikubwa "kinaona vizuri zaidi", na fedha inatoka mfukoni. Mimi nashikilia kwamba dirisha ndilo jambo la mwisho la kutazama. Vilengeo hivi viwili vinatofautiana hasa chini ya kioo: upana wa bastola inayovibeba, mahali betri ilipolazwa, na jinsi skrubu mbili zinavyohimili mshindo wa maelfu ya risasi.

Tuanze na sababu ya kuwapo vya aina mbili. Nukta nyekundu si kitu kipya. Kampuni ya Aimpoint ya Sweden ilitoa kilengeo chake cha kwanza cha umeme mwaka 1975, na mwaka 1990 Mmarekani Doug Koenig alitwaa ubingwa wa dunia wa IPSC, mashindano ya kulenga shabaha kwa bastola, huko Adelaide, Australia, akiwa na kilengeo cha namna hiyo kwenye bastola yake. Lakini enzi hizo kilikuwa bomba refu lililofungwa kwenye kiunzi cha bastola, chombo cha mashindano ambacho usingeweza kukivaa kiunoni. Mwaka 2009 Trijicon ilileta RMR, chenye gramu 34 pamoja na betri, ambacho kiliweza kukaa juu ya slaidi yenyewe, yaani kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kwa kasi kila risasi inapotoka. Glock ilianza kuuza bastola za MOS, ambazo slaidi zake hutoka kiwandani zikiwa zimekwishachongwa nafasi ya kilengeo, mwaka 2015. Miaka miwili baadaye Jeshi la Marekani lilichagua bastola ya Sig Sauer, M17, nayo slaidi yake ina sehemu ya kufungia kilengeo.

Hadi hapo kulikuwa na ukubwa mmoja tu uliofaa, kwa sababu bastola zote hizo ni pana. Mambo yalibadilika mwaka 2018 Sig Sauer ilipotoa P365, bastola nyembamba ya kuficha mwilini iliyobeba risasi 10 kwenye magazini yake. Wanunuzi wa Marekani waliipokea kwa wingi, na washindani wakafuata. Slaidi ya Glock 19 ina upana wa milimita 25.5, ya Glock 43X, ambayo ni nyembamba, ina 22. Mwili wa RMR una upana wa karibu milimita 30. Juu ya Glock 19 unazidi kwa milimita mbili na ushei kila upande, jambo linalovumilika. Juu ya 43X unaning'inia milimita nne kila upande, na sehemu ya kitako chake haina chuma cha kukalia. Hapo ndipo vilipozaliwa vilengeo vyembamba kama RMSc ya Shield, kampuni ya Uingereza, kisha 507K ya Holosun na RMRcc ya Trijicon mwaka 2020.

Sasa turudi kwenye dirisha, maana ndilo linalowavuta watu.

Ndani ya kilengeo kuna taa ndogo ya ledi iliyo upande wa nyuma, inayomulika mbele kwenye kioo kilichopinda kidogo. Kioo hicho kimepakwa utando unaorudisha rangi nyekundu na kuziacha nyingine zipite. Miale inayorudi jichoni huwa sambamba, ndiyo maana nukta huonekana kana kwamba inaelea kule kwenye shabaha. Jicho linatazama shabaha tu. Halilazimiki kugawana kati ya kilengeo cha nyuma, cha mbele na shabaha yenyewe, na kwa mtu wa makamo ambaye kilengeo cha mbele kimeanza kumfifia, huo ni msaada mkubwa mno.

Kwa kuwa miale ni sambamba, nukta inafuata mtutu na haifuati katikati ya kioo. Ikiwa pembeni kabisa mwa dirisha lakini imetua juu ya shabaha, risasi itakwenda karibu kabisa na hapo ilipo nukta. Kwa hiyo dirisha kubwa halikupi usahihi zaidi. Linakupa nafasi ya kukosea mkono bila kuipoteza nukta. Na nafasi hiyo inapimika.

Chukua mkono ulionyooka, kioo kikiwa sentimita 60 kutoka jichoni. Nukta hutoweka pale pembe ya kupinda kwa bastola inapozidi nusu ya dirisha. Nusu ya kimo cha 507C ni milimita 8. Gawanya kwa 600 na unapata pembe ya nyuzi 0.76. Nusu ya kimo cha 507K ni milimita 7 na ushei, sawa na nyuzi 0.70. Basi tofauti ya juu na chini, ile ambayo mlengaji huisumbukia zaidi, haifiki hata sehemu ya kumi ya uzi mmoja! Kwa upana, cha kawaida kinakupa nyuzi 1.1 kila upande na kidogo kinakupa 0.94.

Ukitaka kuona jinsi jina la "kikubwa" linavyodanganya, tazama ACRO ya Aimpoint. Ni kilengeo kilichofungwa pande zote ili maji, vumbi na nyuzi za nguo zisifunike ledi, kina gramu 60, na hukusudiwa bastola pana za askari. Dirisha lake ni takriban milimita 15 kwa 15. Kimo chake kinalingana na cha 507K, na upana wake ni mdogo zaidi. Hata hivyo hakuna muuzaji anayekiweka kwenye rafu ya vilengeo vidogo. Upande wa pili iko SRO ya Trijicon, ambayo dirisha lake la mviringo lina upana wa karibu milimita 25, nayo hata kwa kimo inavuka uzi mmoja kila upande. Hiyo ndiyo tofauti ambayo mkono utaihisi, na ndiyo maana SRO imependwa na watu wa mashindano.

Hesabu hii ina maana moja ya vitendo. Mtu anayenyanyua bastola na kutoiona nukta kwenye kilengeo kidogo, mara nyingi hataiona kwenye cha kawaida pia, kwa sababu kosa la kifundo cha mkono kwa kawaida huzidi nafasi inayotolewa na vyote viwili. Dawa yake ni kunyanyua bastola tupu, iliyokaguliwa na kukaguliwa tena, mpaka nukta izoee kutua yenyewe mahali jicho linapotazama.

Mahali dirisha linapojilipa kweli ni baada ya risasi kutoka. Mtutu unaruka, nukta inatoka nje ya kioo kwa juu, kisha inarudi. Dirisha likiwa kubwa, nukta inaonekana mapema kidogo ikiwa njiani kurudi, na mpigaji hodari anaitumia fursa hiyo. Hapa pana mkinzano ambao haukwepeki: bastola nyembamba na nyepesi ndiyo inayoruka zaidi, ndiyo ingefaidika zaidi na dirisha pana, na ndiyo isiyo na mahali pa kuliweka.

Nimesema jambo kubwa liko chini ya kioo. Anza na betri. Namba zilizoandikwa juu yake ni vipimo: CR2032 ina kipenyo cha milimita 20 na unene wa 3.2, CR1632 ina kipenyo cha 16 na unene uleule. Hebu ilaze CR2032 juu ya slaidi ya milimita 22: pande zote mbili inabaki milimita moja moja ya ukuta. Shield walikubali hali hiyo kwenye RMSc, wakaiweka betri kubwa chini kabisa ya mwili. Gharama yake ni kwamba kubadilisha betri kunataka ukifungue kilengeo chote, ukifunge upya, kisha uende uwanjani kuhakikisha bado kinapiga palepale. RMR ya kawaida nayo ina desturi hiyohiyo, kwa hiyo tusidhani ni ugonjwa wa vidogo peke yao. Holosun walichagua CR1632 ndani ya kidroo cha pembeni, kinachofunguliwa kwa skrubu ndogo huku kilengeo kikiwa kimekaa mahali pake. Wameitumia betri hiyo kwenye 507C na 507K vilevile. Anayenunua cha kawaida akitarajia betri kubwa zaidi, kwa hivi viwili hapati chochote cha ziada.

Kisha skrubu, na hapa naomba msomaji atulie nami. Slaidi inaporudi nyuma na kugota, kilengeo kinataka kuendelea na safari. Kinachokizuia, kazi ikifanyika vizuri, ni vishikizo vya chuma vilivyosimama kwenye slaidi na kuingia ndani ya vishimo chini ya kilengeo, pamoja na kuta za nafasi iliyochongwa. Skrubu zinatakiwa zikibane tu kisinyanyuke. Vishikizo vikilegea au visipokuwepo, skrubu ndizo zinazobeba mshindo wote kwa ubavu, na skrubu nyembamba hukatika.

Mpangilio wa RMSc una vishikizo vinne, kimoja kila pembe. Holosun walipoibuni 507K walibakisha vishimo vya mbele peke yake. Matokeo yake ni kwamba mtu mwenye slaidi iliyochongwa kwa RMSc anakuta vishikizo viwili vya nyuma vinakizuia kilengeo kisikae. Wapo wanaovisaga kwa tupa, na wapo wanaotia bamba la kati. Kusaga hakurudishiki nyuma. Bamba nalo lina lawama yake: kila tabaka unaloongeza linainua kilengeo juu na kuongeza sehemu nyingine inayoweza kulegea. Kwa upande huu vya kawaida vimetangulia, kwa sababu mpangilio wa RMR umeigwa na watengenezaji wengi kiasi kwamba unaweza kubadilisha kilengeo bila kuigusa slaidi. Ukipata fundi anayeichonga slaidi moja kwa moja kwa kipimo cha kilengeo chako, mpe kazi huyo. Na aliyefunga akiwa hana spana ya kupimia nguvu, wala hakutia gundi ya skrubu, hajamaliza kufunga.

Kilengeo kidogo kina ushindi wake ambao hausemwi vya kutosha: kinakaa chini. RMSc imebonyea kiasi kwamba kwenye slaidi nyingi vilengeo vya kawaida vya chuma bado vinaonekana chini ya dirisha. Betri ikifa, bado una pa kulengea. Ukiweka RMR kwenye bastola ya MOS yenye bamba, utalazimika kununua vilengeo virefu vya chuma ndipo upate faida hiyohiyo.

Ukubwa wa nukta ni suala lingine, nalo halifungamani na ukubwa wa mwili. Hupimwa kwa dakika za pembe, ambazo watengenezaji huandika MOA, na dakika 60 ni uzi mmoja. Umbali wa mita 25 dakika moja hufunika milimita 7 hivi. Nukta ya dakika 2 itafunika sentimita moja na nusu, ya dakika 6 itafunika zaidi ya sentimita nne. Kwenye bastola ya kujihami ningependa iliyo kubwa, inayodakwa upesi na jicho. Mwenye dosari ya jicho inayopindisha mwanga ataiona nukta yoyote kama nyota au mkia, kwa hiyo achungulie mwenyewe kabla ya kulipa.

Hoja ya kuficha bastola sitaipa muda mrefu. Sehemu inayotokeza chini ya shati ni kitako cha mpini. Kilengeo huwa juu ya mkanda, karibu na mwili, na milimita chache za upana wake mara nyingi hazimsaliti mtu.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Slaidi ikiwa na upana wa milimita 25 au zaidi, funga kilengeo cha kawaida: kina mpangilio uliozoeleka na chuma cha kutosha cha kukikalia, na ukitaka dirisha pana kweli unaweza kupanda hadi ukubwa wa SRO. Slaidi ikiwa ya milimita 22 au karibu na hapo, funga kidogo, kilichotengenezwa kwa ajili ya vishikizo vilevile vilivyo kwenye slaidi yako, bila kusaga na bila bamba ikiwezekana. Kuweka kidogo juu ya bastola pana kwa sababu ya sura ni kujinyima bure. Na kwa msomaji wa Kenya au Tanzania mwenye bastola ya leseni: pima slaidi yako, andika jina la mpangilio wa vishikizo vyake, kisha uiulize mamlaka iliyokupa leseni iwapo kilengeo hicho kinaruhusiwa, kabla hujaagiza chochote kutoka nje.