Shahidi na Kiroja: Chemosit, Msafiri na Riwaya ya Kisayansi

Makala haya yanachunguza uhusiano baina ya tanzu mbili ambazo kwa kawaida husomwa mbalimbali: masimulizi ya wasafiri waliodai kuona wanyama wasiojulikana, na riwaya ya kisayansi. Mfano wetu ni Chemosit, kiumbe wa masimulizi ya Wanandi na jamaa zao Wakipsigis, ambao ni miongoni mwa wakazi wa Kuresoi, kwenye miteremko ya Mau. Hoja yetu ni kwamba tanzu hizi mbili zimesimama juu ya nguzo moja, yaani shahidi anayetaka kusadikiwa. Kwa hiyo, mhakiki hana budi kuuliza si tu kama kiroja kipo, bali pia kinasadikiwa kwa manufaa ya nani.

Katika kitabu chake kuhusu Wanandi, kilichochapishwa mwaka 1909, A. C. Hollis alimweleza Chemosit kuwa ni nusu mtu na nusu ndege, mwenye mguu mmoja na matako tisa, na kinywa chekundu king'aacho usiku mfano wa taa. Huimba gizani karibu na makazi. Watoto huona mwanga, husikia wimbo, hudhani kuna ngoma, huufuata na kuliwa. Umbo hili halikukusudiwa kumsaidia mwindaji kumtambua mnyama. Taa na wimbo ndivyo vinavyobeba maana: kinachoangamiza huja kwa sura ya karamu.

Mwaka 1912 Geoffrey Williams alichapisha, katika jarida la Chama cha Historia ya Maumbile cha Afrika Mashariki na Uganda, habari za mnyama aliyemwona miaka kadhaa nyuma katika uwanda wa Uasin Gishu. Alimfananisha na dubu. Masimulizi ya namna hii yaliunganishwa na jina la Chemosit, akazaliwa "Dubu wa Nandi", ingawa kusini mwa Sahara hakuna dubu. Mwaka 1955 Bernard Heuvelmans alimpa nafasi katika kitabu chake mashuhuri kuhusu wanyama wasiojulikana. Tukilinganisha matini hizi, tunaona kilichopotea njiani. Mguu mmoja umeondoka, matako tisa yameondoka, taa imezimika na wimbo umenyamaza. Kilichobaki ni manyoya, mwendo na kimo, yaani sifa ambazo msomaji wa jarida angeweza kuzisadiki. Kiroja kimesadikika kwa kupokonywa maana yake.

Haifai, hata hivyo, kuwabeza wasafiri wote. Okapi wa misitu ya Kongo alitambuliwa na sayansi mwaka 1901, na nguruwe mkubwa wa msituni mwaka 1904; wenyeji waliwajua tangu zamani. Bongo wa milimani, ambaye bado yumo katika misitu ya Mau kwa idadi ndogo mno, alipewa jina la kisayansi mwaka 1902. Msomaji wa wakati huo alikuwa na sababu ya kutarajia ajabu nyingine.

Tarajio hilo ndilo alilolitumia Arthur Conan Doyle katika *The Lost World*, riwaya iliyotoka mwaka huo huo wa 1912. Profesa Challenger anaitwa mwongo, anasafiri, na hatimaye anamfungulia mnyama wa kale arukaye mbele ya umati mjini London. Nadhani riwaya hii inakumbukwa kwa mapenzi hadi leo si kwa wanyama wake tu, bali kwa raha ya kumwona mwenye shaka akiaibika. Lakini ushindi huo ni wa profesa. Wenyeji wa nchi iliyozuriwa hawapandi jukwaani kusema waliyoyajua.

Fasihi ya Kiswahili imelishughulikia suala hili kwa njia nyingine. Katika *Kusadikika* ya Shaaban Robert (1951), nchi iliyo angani, wajumbe wanaorudi na habari za nchi nyingine hutiwa gerezani, na Karama anawatetea barazani. Wajumbe hawaleti mnyama. Wanaleta mafunzo ya kuifaa nchi yao. Katama Mkangi, katika *Walenisi* (1995), anakwenda mbali zaidi. Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anasafirishwa kwa chombo cha angani hadi nchi ngeni, na jina la nchi hiyo likikatwa vipande linasomeka "wale ni sisi". Hapa mgeni wa ajabu anageuka kuwa kioo cha msomaji.

Kwa msomaji wa Kuresoi, jina hilo si mchezo wa maneno tu. Nyumba zilichomwa huko katika machafuko ya mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na majirani wakafukuzwa kwa kuitwa wageni. Wimbo uliowaita vijana usiku haukutoka msituni. Msimulizi wa kale wa Chemosit angelielewa jambo hilo mara moja, kwani ndilo alilokuwa akilisema. Msafiri aliyetafuta nyayo za dubu asingelielewa. Iwapo tutawafundisha wanafunzi wetu riwaya ya kisayansi kama utanzu uliotoka ng'ambo, na Chemosit kama imani ya kale iliyopitwa na wakati, tutakuwa tumerudia kosa la 1912. Inafaa matini hizi zisomwe pamoja, na Chemosit arudishiwe taa yake.