Nyoka Mwenye Kwao

Mpe mfugaji mzoefu nyoka aina ya boa asiye na karatasi za asili yake, naye atamgeuzageuza mikononi kwa muda kabla ya kusema neno. Ataanza na mkia. Mabaka yake yakiwa na rangi ya damu ya mzee, yamezungushiwa weusi, na kati yake pana rangi ya maziwa, basi huenda wazazi wa nyoka huyo walitoka Suriname, Guyana au misitu ya Amazon upande wa Peru. Atahamia mgongoni. Boa wengi wa Amerika Kusini wana mabaka machache yaliyochongoka pembeni mithili ya mbawa za popo, ilhali wenzao wa Mexico na Amerika ya Kati huwa na mabaka mengi yenye kingo butu. Atafuata mstari mweusi unaotoka puani hadi kisogoni. Mwisho atamlaza chali na kuhesabu magamba ya tumbo, moja baada ya jingine. Boa wa bara huwa na takriban 225 hadi 250, na wale wa visiwa vya Dominica na Saint Lucia huvuka hapo.

Baada ya yote hayo, mfugaji ninayemheshimu kuliko wote husema: sijui. Sura hudokeza tu nyoka alikotoka. Kinachothibitisha ni kumbukumbu iliyoandikwa tangu yule wa kwanza alipokamatwa.

Wataalamu nao wamechukua muda. Linnaeus alimpa boa jina la kisayansi mwaka 1758, na Daudin akamwandika yule wa Amerika ya Kati mwaka 1803, lakini kwa miaka mingi karibu wote waliwekwa chini ya spishi moja. Mwaka 2009 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha makundi mawili makubwa yaliyoachana zamani, na mwaka 2016 boa wa pwani ya Pasifiki ya Mexico wakatengwa nayo. Wafugaji wa Marekani na Ulaya walikuwa wameshazoea kutowachanganya wale wa mkia mwekundu na wale wa kaskazini, kwa kutegemea jicho na daftari tu.

Kuwazalisha ni kazi ya subira tupu. Jike husubiriwa hadi atimize miaka mitatu au minne, na wafugaji makini hawamharakishi. Msimu ukifika, joto la usiku hupunguzwa kidogo kidogo kwa majuma kadhaa, kisha dume huingizwa. Dume ana vikucha viwili karibu na mkia, masalio ya miguu ya kale, na humpapasa jike kwavyo. Siku moja katikati ya mwili wa jike huvimba kana kwamba amemeza kitu, kisha uvimbe hupotea. Asiyekuwa makini haioni siku hiyo. Majuma mawili matatu baadaye jike hujivua gamba, na hapo ndipo hesabu ya kuzaa inapoanza: kama siku 100 hadi 120. Chatu wetu wa Afrika hutaga mayai na kuyazungushia mwili, lakini boa huzaa. Watoto hutoka ndani ya utando mwembamba, pengine ishirini, pengine hamsini, kila mmoja akiwa na urefu wa karibu nusu mita na tayari kujitegemea. Kila mmoja huandikiwa kadi yake: baba, mama, tarehe, uzito, siku ya kwanza kujivua.

Wapo wanaochanganya kwa makusudi, na ufundi wao si mdogo. Chukua boa wenye ualbino. Kuna koo mbili mashuhuri, Kahl na Sharp, na kwa macho zinafanana sana. Mpandishe dume wa ukoo mmoja na jike wa ukoo mwingine, na watoto wote watatoka na rangi ya kawaida, kwa sababu kasoro ya kila ukoo imekaa kwenye jeni tofauti. Kila mtoto amebeba siri mbili. Ukiwapandisha wao kwa wao, unatarajia mmoja tu kati ya 16 awe na zote mbili kwa ukamilifu, na kumbuka kila kizazi kinadai miaka yake. Anayepanga mpando wa namna hiyo leo anapanga kazi ya karibu muongo mzima. Namvulia kofia.

Hata hivyo, moyo wangu uko kwa wale wanaokataa kuchanganya. Visiwa vya Cayos Cochinos, mbele ya pwani ya Honduras, vina boa wadogo wenye rangi ya waridi iliyopauka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 walikamatwa kwa wingi kwa ajili ya biashara, hata wakaadimika kwao, kabla ya visiwa kuwekwa chini ya hifadhi. Waliosafirishwa wakazaa ugenini, na baadhi wakapandishwa na boa wa Colombia. Mjukuu wa mpando huo anaweza kuonekana mtu wa visiwani kabisa, akauzwa hivyo, naye akaingizwa kwenye ukoo safi wa mfugaji mwingine bila mtu kujua. Hakuna kipimo cha macho cha kuubaini mchanganyiko huo. Ndiyo maana mfugaji mwenye ukoo wa Cayos Cochinos unaofuatika hadi kisiwani hulinda daftari lake sawa na anavyolinda nyoka wenyewe.

Boa mmoja katika bustani ya wanyama ya Philadelphia aliishi zaidi ya miaka 40. Nyoka unayemuuza leo huenda akabadilisha mikono mara nyingi, na hatakuwa na wa kumsemea ila kadi yake. Ukichanganya, andika kwamba umechanganya. Usipojua alikotoka, andika hivyo hivyo.