Mkalimani na Msomi Asiye na wa Kumkalimania: Kumsoma Mudimbe kwa Kupitia Kihispania

V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa mwaka 1941 mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo, na kufariki Aprili 2025, anafahamika zaidi kama mwanafalsafa wa *The Invention of Africa* (1988). Ni wachache wanaokumbuka kwamba shahada aliyoipata Lovanium mwaka 1966 ilikuwa ya filolojia ya lugha za Kirumi, taaluma inayochunguza kwa pamoja Kifaransa, Kihispania, Kiitalia, Kireno na ndugu zao waliozaliwa na Kilatini. Mtu wa mji wa migodi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya kazini, ajifunze Kihispania ili kiwe nini? Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa njia ya uhakiki, si kwa hesabu ya ajira.

Tuanze na *Entre les eaux* (1973), riwaya ya kwanza ya Mudimbe. Mhusika mkuu, Pierre Landu, ni padre aliyesomea Roma. Anaiacha parokia yake na kujiunga na wapiganaji wa Kimarx msituni, akiamini kwamba Injili ya kweli iko upande wa wanyonge. Wapiganaji hawamwamini kikamilifu, naye hajiamini. Mwishoni anaishia katika nyumba ya watawa. Masimulizi ni ya nafsi ya kwanza, yamejaa Kilatini na mwangwi wa liturujia, na kila tendo linageuzwa mara moja kuwa tafakuri.

Tuiweke sambamba na *Las tinieblas de tu memoria negra* (1987) ya Donato Ndongo-Bidyogo wa Guinea ya Ikweta, nchi ya Kiafrika ambayo Kihispania ni mojawapo ya lugha zake rasmi. Hapa pia kuna seminari: msimulizi anakataa upadre, kisha anaurejea utoto wake chini ya wakoloni wa Kihispania. Lakini mwandishi anapishanisha nafsi ya kwanza na nafsi ya pili, “mimi” na “wewe”, kana kwamba mtu mzima anamhoji mtoto aliyekuwa. Isitoshe, katika sehemu iliyo kiini cha riwaya, mtoto huyo anakaa kati ya Padre Ortiz na mzee Abeso, asiyekubali kubatizwa, akitafsiri mabishano yao juu ya Mungu na mila.

Hoja yetu inatokana na tofauti hiyo. Wahusika wote wawili wamefinyangwa na Kanisa na lugha ya kigeni. Hata hivyo, mtoto wa Ndongo ni mkalimani: lugha aliyojifunza ina kazi, nayo inampa mzee nafasi ya kumjibu padre hoja kwa hoja. Landu ana elimu kubwa zaidi, lakini elimu hiyo haimpi daraja. Anazungumza hasa na Mungu na nafsi yake. Msiba wake, kwa maoni yetu, haukuletwa na kujifunza mno mambo ya wageni. Uliletwa na kukosa mtu wa kumkalimania.

Mfano mdogo utaonyesha faida ya kazi hiyo. Abeso anaitwa *tío*. Neno hilo, kama *oncle* la Kifaransa, halitofautishi baba mkubwa, baba mdogo na mjomba. Mfasiri wa Kiswahili hana budi kuamua, na ili aamue inampasa kuchunguza ukoo, urithi na mamlaka katika hadithi yenyewe. Hivyo Kiswahili kinadai kujua jambo ambalo Kihispania kiliruhusu lipite kimya. Tafsiri inakuwa uhakiki.

Pingamizi halikosekani. Riwaya za Mudimbe ziliandikwa kwa Kifaransa, na vitabu vyake vya falsafa kwa Kifaransa na Kiingereza. Je, shahada za lugha za kigeni hazizalishi akina Landu wengine? Hatari hiyo ni ya kweli, na haifai kuipuuza. Lakini kuzifuta shahada hizo hakutamrudisha Landu nyumbani. Kutatunyima tu sauti za Waafrika walioandika kwa Kihispania, ambao tutaendelea kuwasoma, kama tutawasoma, kwa tafsiri za wengine.

Kinachohitajika ni idara ya Kihispania na idara ya Kiswahili kukaa meza moja. Na neno *meza* lenyewe, tulilopewa na Wareno, ni *mesa* katika Kihispania. Mwanafunzi kutoka Likasi apewe mtihani huu wa mwisho: ayafasiri mabishano ya Padre Ortiz na mzee Abeso kwa Kiswahili cha Katanga, kisha awasomee wazee wa mtaa wake. Wakianza kubishana, amefaulu.