Refa Aweke Filimbi Mfukoni

Mechi nyingi za soka za kuwajumuisha viziwi hupangwa vibaya tangu mwanzo. Wasichana viziwi upande huu, wanaosikia upande ule, picha zinapigwa, kisha kila kundi linapanda basi lake. Machakos, Kenya, ina Shule ya Viziwi na ina shule za wasichana wanaosikia. Kinachofaa hapo ni timu mchanganyiko inayofanya mazoezi kila wiki.

Kiufundi, kazi inaanza kwa refa. Katika soka ya viziwi, refa wa kati hubeba kibendera kama wale wa pembeni. Akikipandisha, wanaokiona husimama na kuinua mikono. Aliyempa refa kisogo huona wenzake wamesimama, naye akasimama. Anayesikia huhangaika hapa. Amezoea kukimbia ameinamia mpira, akingoja sauti. Sasa hana budi kuinua macho kila mara, na mwenzake kiziwi, ambaye macho ndiyo kazi yake tangu utotoni, anageuka kuwa mwalimu wake.

Kitendawili kiko kati ya kipa na mabeki. Kipa anauona uwanja wote lakini kuita "Niachie!" hakusaidii, na beki amempa mgongo. Basi mambo humalizwa kabla mpira haujafika: kila unapotoka nje, beki wa kati hutupa jicho nyuma, kipa humwonyesha kwa mkono nani akabwe, na wote wameshakubaliana kwamba mipira ya juu karibu na lango ni ya kipa. Kuna makocha wanaokimbilia kumweka golini msichana anayesikia ili apige kelele. Naona wanajidanganya, kwa sababu kelele hizo zinawafikia nusu tu ya mabeki.

Mapumziko nayo yana ufundi wake. Wachezaji wakae duara, kocha akubali jua limpige yeye usoni. Achore ubaoni, anyamaze waone, ndipo atoe maelezo kwa ishara. Macho hayawezi kufuata chaki na mikono kwa pamoja.

Timu hii mchanganyiko isiue ile ya viziwi pekee. Deaflympics, michezo iliyoanza Paris mwaka 1924, ina masharti yake: upungufu wa usikivu usiopungua desibeli 55 katika sikio lililo zima zaidi, na vifaa vya kusikia huvuliwa kabla ya mechi. Binti mwenye kipaji aachiwe njia hiyo.

Shida kubwa ni likizo. Binti kiziwi anayesoma bweni hurudi Mwala au Masinga, mara nyingi kwenye nyumba inayozungumza Kikamba na isiyojua ishara hata moja. Hapo ndipo humfaa jirani anayesikia aliyecheza naye na kuzoea ishara, na mazoezi yapangwe saa ambayo hajatumwa maji.

Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inaitaka serikali iendeleze Lugha ya Ishara ya Kenya. Kaunti ya Machakos ianzie uwanjani: kabla ya kununua jezi, imlipe mkalimani na iwafundishe marefa kutumia kibendera.