Nani Alimwambia Apandishe Taa?

Mlioitazama ile video ya kuokoa Acropora mnaijua sehemu ninayoizungumzia. Tumbawe limepauka, ncha zake nyeupe kabisa, na rangi ya kahawia imebaki kwa mbali tu chini ya matawi. Jamaa analitoa chini ya tangi, analibandika juu kabisa ya mwamba, kisha anashika simu na kupandisha taa kutoka asilimia 40 hadi 80. Sababu yake: tumbawe lina njaa, chakula chake ni mwanga, basi lipewe mwanga. Hapo ndipo lilipouawa. Sehemu zilizofuata zilikuwa matanga tu.

Haki yake nimpe: chumvi ilikuwa 35 kwa elfu, refraktomita ameirekebisha kwanza, joto nyuzi 25, alkaliniti kaipandisha polepole. Safi.

Turudi kwenye taa. Ni kweli kwamba zooksanthela, ule mwani unaoishi ndani ya tishu, ndio unaolipatia tumbawe sehemu kubwa ya nishati yake. Lakini kupauka maana yake mwani huo umeondoka. Utaongezaje mwanga wakati wa kuutumia hayupo? Ule kidogo uliobaki, ukipigwa mwanga kupita uwezo wake, huzalisha oksijeni yenye sumu inayounguza tishu, na tumbawe huishia kuufukuza nao pia.

Kuna jambo ambalo hakuligusa kabisa, nalo ndilo linaloufanya uamuzi ule usiwe na utetezi. Tishu ikipoteza rangi, mwanga hupenya hadi kwenye mfupa mweupe wa chokaa, hutawanyika humo na kurudi kuupiga mwani uleule kwa mara nyingine. Maana yake, chini ya taa ileile, mwani uliobaki ndani ya tumbawe lililopauka hupokea mwanga mwingi kuliko ule wa tumbawe zima. Kabla jamaa hajagusa simu, dozi ilikuwa imekwisha kuzidi. Yeye akaongeza juu yake, tena kwa siku moja, bila hata kupima PAR pale alipolibandika.

Mwaka 1998, joto lilipopausha matumbawe kuanzia Mombasa na Mafia hadi Maldives, Visiwa vya Society huko Polynesia ya Ufaransa viliepuka balaa hilo, na watafiti wakaeleza kuwa mawingu yaliyofunika jua ndiyo yaliyovikinga. Huko Great Barrier Reef, tangu 2020 Waaustralia wanajaribu kurusha hewani matone madogo mno ya maji ya bahari ili mawingu yaakisi jua zaidi. Wenzetu wanahangaika kuitafutia bahari kivuli. Huyu kivuli anacho kwenye simu yake, akakizima.

Kisha ikaja ile shangwe. Tumbawe likang'aa waridi na kijani, naye akatangaza kwamba linapona. Nimelisema hapa mara nyingi na sitachoka: taa za buluu zinauza matumbawe, hazionyeshi afya yake. Mwaka 2020 timu ya Jörg Wiedenmann wa Southampton ilionyesha kwamba baadhi ya matumbawe yaliyopauka hutengeneza rangi kali kama hizo ili kujikinga na jua. Rangi ile ilikuwa kinga dhidi ya taa yake mwenyewe, na akaisoma kama shukrani. Angewasha taa nyeupe dakika moja tu, tungeona mfupa.

Na fosfati? Kipimo kilisoma sifuri, akajisifu. Dini hii ya sifuri nayo nimeipigia kelele miaka nenda miaka rudi. Wiedenmann na wenzake walikwisha kuonyesha mwaka 2013 kwamba mwani ukikosa fosfati, tumbawe hupauka upesi zaidi kwa joto na mwanga. Yaani huenda ugonjwa aliupika mwenyewe, kisha akauchochea moto. Wala hakulilisha hata mara moja, ilhali polipu zina mikono na midomo yake.

Wazee wa Berlin, Dietrich Stüber na wenzake, walikuza Acropora miaka ya 1980 kwa mawe hai, skima na taa za HQI zisizojua asilimia. Walioanzia kwenye taa zile, wakitaka kupunguza mwanga, waliinua taa au walishusha tumbawe, kwa hiyo kila hatua ilihitaji mkono na fikra. Kabla yao, Lee Chin Eng wa Jakarta alikwisha kuwafundisha wasomaji wake mwaka 1961 kuendesha tangi kwa mawe hai, maji ya bahari, viputo vya hewa na jua. Vifaa vyao vilikuwa duni kuliko vya jamaa huyu, lakini walikuwa na subira ambayo haiuzwi pamoja na taa.

Kwa hiyo tumbawe lako likipauka, lipeleke kivulini siku hiyohiyo. Lilishe usiku polipu zikifunguka, kwa rotifa au artemia wachanga. Nitrati na fosfati ziache zipimike. Mwanga uurudishe kwa wiki, siyo kwa dakika, na uanze tu pale rangi ya kahawia inaporudi chini ya taa nyeupe. Na simu iweke mbali.